Mkia Chini ya Kitanda

Tveitlia, Numedal
5 Septemba 1984

Mume wangu Ketil,

Acha niliandike tena, maana bado sijalizoea: mume wangu. Ungeniona sasa hivi, natabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Barua yako imefika asubuhi. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda nayo chooni, kwa sababu chooni ndipo mahali pekee katika nyumba hii ambapo mama yako hapangusi vumbi nikiwapo. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Simu iko ukumbini, na kila nikiinua mkono wake ukumbi unachafuka ghafla, lazima ufagiliwe saa ile ile.

Sisemi kwamba ananitesa, la. Ananipa kipande cha samaki chenye nyama nyingi. Usiku wa baridi nakuta blanketi la ziada kitandani, na hakuna aliyeliweka. Ila tangu ulipokwenda jeshini hajaniita jina langu hata mara moja. Jana tulikuwa tumekaa bega kwa bega, akamwambia Gro wa nyumba ya chini, "Hebu muulize yule wa Drammen kama anataka sukari." Gro akaniuliza. Nikamjibu Gro. Mama yako akanipa sukari.

Sasa sikia habari! Bondeni kwetu wanapiga filamu! Filamu ya kutisha, Ketil, ya hulda, yule jini mwanamke wa misituni anayewapoteza wanaume njia! Bwana anayeiongoza anaitwa Asle, ametoka Oslo, na kazi yake kubwa mpaka sasa ilikuwa tangazo la mipira ya samaki ya makopo. Mpiga picha ni dada mmoja mkimya, Siv. Kamera ni ya kuazima. Taa ni za trekta. Damu ni jamu ya matunda mekundu, na nyuki wanaijua. Ukungu wanautengeneza kwa kuchoma nyasi mbichi, na juzi nusura wakiteketeze choo cha Gro. Filamu itaitwa Mgongo Mtupu. Nimecheka siku mbili mfululizo!

Wameniomba niwasaidie. Nitawapikia tu: supu, viazi, kahawa. Usiwe na wasiwasi wowote.

Nakupenda kuliko jana, na jana nilidhani nimefika mwisho.

Mkeo (mkeo!),
Jorid


Kambini, Finnmark
10 Septemba

Jorid, mke wangu, moyo wangu, mmenya viazi wangu,

Nimekusoma nikiwa kitanda cha juu, na Henrik wa kitanda cha chini akauliza kama nina homa, maana nilikuwa nacheka na ukuta. Huku ni mvua, na koplo anaamini kwamba buti likimetameta adui atakimbia. Mimi buti langu halimetameti, kwa sababu nikilipaka rangi nakuona wewe, nasimama hapo hapo na brashi mkononi.

Kuhusu Mama, mpe muda. Kwetu mtu hasemi jambo mpaka limeiva, na kwa Mama mambo huiva polepole kuliko jibini. Baba, Mungu amrehemu, alimposa akangoja sana, na jibu alilisikia kwa mchungaji.

Na huyo hulda atachezwa na nani? Lazima awe mrembo, la sivyo nani atamfuata msituni? Mwambie Asle asihangaike. Mrembo wa bonde hilo ameshaolewa, na yuko jikoni anamenya viazi.

Nakubusu, na nakubusu tena,
Ketil wako


Tveitlia
13 Septemba

Ketil,

Ng'ombe wameshuka wote kutoka malisho ya juu. Dagros tulimchinja, alikuwa mzee. Nyasi zimeingia ghalani kavu.

Mkeo anakula vizuri.

Nilipokuwa nafagia nimekuta mkia wa ng'ombe chini ya kitanda chenu. Umefungwa utepe mwekundu. Sikuuliza. Katika nyumba hii hatumuulizi mtu vitu vyake. Lakini wewe ni mumewe.

Tena, kila alasiri anaondoka na Oddvar wa gari la maziwa, anarudi na majani kichwani. Hilo nalo sikuuliza.

Vaa soksi za sufu.

Mama


Kambini, Finnmark
16 Septemba

Jorid,

Mkia?

Oddvar?

Majani?

Nimemwandikia Mama kwamba huko Drammen maharusi huweka mkia wa ng'ombe chini ya kitanda ili wapate watoto wenye afya. Nimemwandikia pia kwamba unachuma matunda ya msituni na Oddvar anakupa lifti. Sijawahi kumdanganya Mama maishani mwangu, na sasa nimemdanganya mara mbili kwa stempu moja. Henrik anasema labda kuna maelezo. Nimemwambia Henrik alale.

Niandikie upesi. Nakupenda, lakini sasa hivi nakupenda nikiwa nimekaa wima.

Ketil


Tveitlia
19 Septemba

Ketil, Ketil, Ketil wangu!

Nimecheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena. Sikiliza, na usimwambie mtu: mimi ndiye hulda.

Siku ile ya kwanza niliwapelekea supu kweli. Asle akaniona nimesimama mlangoni na sufuria, mvuke umenizunguka, akamshika Siv mkono: "Huyo! Huyo huyo!" Nikamwambia mimi ni mke wa mtu. Akasema, "Vizuri, hulda naye kila siku anatafuta mume." Ketil, ningekataaje? Darasani nilikuwa naambiwa nisimame nyuma kwenye michezo yote kwa sababu ya urefu. Sasa nimesimama mbele, nywele chini, miguu mitupu juu ya kuvumwani, mkia unaburuza. Usoni mimi ni mrembo wa kukupoteza njia. Nikigeuka, mgongo ni gogo lililooza, wazi mpaka ndani! Tumeutengeneza kwa karatasi, magome na uji. Oddvar alipouona mara ya kwanza alimeza tumbaku yake.

Oddvar ndiye mpima misitu anayepotezwa. Tuna busu moja. Nakuapia, Ketil, limepigwa mara tano, na mara zote tano tumbaku ilikuwa bado mdomoni mwake. Ukitaka kuona wivu, mwonee huruma mkeo.

Sikukuambia kwa sababu wewe mbele ya mama yako ni kioo cha dirisha. Naye, Asle alipokuja kuomba nyumba yenu ya malisho ya juu, alimwambia, "Hapa watu wa chini ya ardhi hatuwachezei," akafunga mlango bila kelele, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. Ningemwambiaje kwamba mmoja wa hao watu wa chini analala ghorofani kwake na anatumia shampuu yake?

Na hapa ndipo roho yangu ilipo, mpenzi. Filamu haina mwisho bila nyumba ile. Nyingine zote mlimani zimewekwa mabati na jikoni zimepakwa rangi ya njano. Yenu peke yake bado ina majani juu ya paa na kizingiti kilicholika. Kamera inarudishwa wiki ya kwanza ya Oktoba, na baada ya hapo ni theluji. Bila mwisho, yote tuliyofanya yatabaki ndani ya makopo, na Asle atarudi kwenye mipira ya samaki. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu nilipokutaka wewe.

Tafadhali mwombee Asle kwa mama yako. Mimi usinitaje.

Yule mwenye mkia,
Jorid

Nimesahau: leo nimeinama chini ya kitanda nikakuta mikia MIWILI. Umefanya nini?


Tveitlia
23 Septemba

Ketil,

Nimepata barua zako zote mbili.

Desturi hiyo ya Drammen sikuijua. Kila mji na yake. Mkia wake ulikuwa mwembamba, nimemwekea mwingine, ule wa Dagros. Dagros alizaa kila mwaka bila shida.

Kuhusu nyumba ya juu. Unajua jibu mwenyewe. Kiangazi ni yetu, majira ya baridi ni ya watu wa chini, na siku ya Malaika Mikaeli, tarehe 29, ndiyo ya kubadilishana. Haijavunjwa tangu paa lile liwekwe. Babu yako alisahau miwani yake huko mwaka mmoja, akakaa bila kusoma gazeti mpaka Juni.

Kabla ya siku hiyo ni yangu, na naweza kuitoa. Basi wapande. Siku ya Mikaeli, jua likitua, wawe wametoka, na jiko liwe limefagiliwa.

Sijamwambia mkeo, ingawa nadhani anawapikia. Leo amenimiminia kahawa akasimama akinitazama kama ana neno. Nikangoja aseme. Hakusema. Mwambie wewe.

Mama


Kambini, Finnmark
25 Septemba

Mke wangu mwenye mikia,

Amekubali! Nendeni, leo hii, kimbieni! Ni mpaka siku ya Mikaeli jua likitua, si dakika moja zaidi. Yuko upande wa pili wa meza kutoka kwako, na jibu lake limepanda treni mpaka mwisho wa Norwe na kurudi. Kama ningekuwa na kofi la kuwapiga wote wawili kwa upendo, ningelituma kwa posta.

Hajui kuwa ni wewe. Anadhani unapika.

Tano, Jorid? Mara tano?

Ketil wako mwenye wivu na fahari


Tveitlia
30 Septemba

Mume wangu, kipenzi changu, chukua kiti ukae,

Barua yako ilifika juzi asubuhi, ikituachia siku mbili tu. Tulipanda huku Asle akiendesha gari na kula mkate kwa mkono ule ule. Siku ya kwanza tulipiga karibu kila kitu. Jana, siku yenyewe ya Mikaeli, ilibaki sehemu moja tu: mwisho, mlangoni pa nyumba.

Saa nane ukaja ukungu. Si wa nyasi mbichi, Ketil, ukungu wa kweli! Uliteremka kama mtu amemwaga maziwa. Asle, ambaye amechoma nusu ya malisho ya Numedal akiutafuta, akakaa kwenye kizingiti na kilio. "Sioni kitu! Siv, wewe unaona nini?"

"Naona weupe," akasema Siv.

Wakangoja uondoke, haukuondoka. Asle akasema ahadi ni ahadi, jua linakaribia kutua, tufagie tushuke. Nikafagia jiko mwenyewe, na mkia wangu ukafagia nyuma yangu. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kujisaidia, jambo ambalo si rahisi ukiwa na mkia na mgongo wa magome. Nikachelewa. Nikasikia gari moja linaondoka, kisha la pili. Kila gari lilidhani nimo kwenye lile lingine.

Nikabaki peke yangu, bila viatu, meno yanagongana. Nikaita. Ukungu ukameza sauti. Sikuogopa sana, nakuapia, niliogopa kidogo tu, kiasi cha kuanza kuimba nyimbo za kanisani.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke, juu, nyembamba, inapanda na kuvunjika kama maji juu ya mawe. Mwito wa ng'ombe! Lakini ng'ombe wote wako chini zizini. Nywele zilinisimama, kisha nikajiambia, Jorid, awe nani, ana mapafu ya mtu. Nikakimbia kuelekea sauti, nimeinua gauni, nywele usoni, nikipiga kelele, "Ningoje! Ningoje!"

Ukungu ukafunguka, na mbele yangu amesimama mama yako na kikapu.

Hakupiga kelele. Hakukimbia. Alitia mkono kikapuni, akatoa kisu cha kukatia jibini, kile bapa chenye mdomo katikati, akakirusha. Kilipita juu ya kichwa changu, nikakisikia kinavuma.

"Chuma kimekupita!" akasema kwa sauti ya mimbarini. "Njia ya kurudi huna. Kuanzia sasa wewe ni wa Tveitlia!"

"Mama, ni mimi!"

"Mimi nani?"

"Jorid!"

"Jorid yupi?"

"Jorid wa Ketil, mama, Jorid wa nyumbani!"

Akanikaribia. Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anayenunua mbuzi. Akanizungusha. Akagonga mgongo wangu kwa kidole.

"Nini hiki?"

"Karatasi, na magome, na uji."

"Uji wa nani?"

"Wako, mama. Ule wa Jumatano."

"Nilijua umepungua." Kisha akaushika mkia, akaupitisha kiganjani. "Huu ni mkia wa Dagros."

"Ndiyo, mama. Ule mwingine ulikuwa mwembamba."

Ketil, mama yako alicheka. Umewahi kumsikia? Alikaa juu ya jiwe. Alishika mbavu. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ule mkia. Kila akinyamaza anaangalia mgongo wangu anaanza upya. "Desturi ya Drammen!" alisema. "Watoto wenye afya! Ah, huyo Ketil, akirudi!" (Jiandae.)

Akanivua ule mgongo, akanifunga shali yake, akanipa soksi zake mwenyewe akabaki na viatu vitupu. Ndani ya kikapu mlikuwa na bakuli la uji wa malai, siagi imeyeyuka katikati, na kipande cha jibini. Kumbe kila mwaka siku ya Mikaeli hupanda peke yake, anaita mara moja, anawaachia watu wa chini chakula cha kuwakaribisha. Mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake. Wewe hukujua? Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Tulikula nusu, tukawaachia nusu.

Nami nilipokuwa nalamba kijiko nikawaza: jua limetua, mwisho haukupigwa, yote yamekwisha. Nikawaza pia, barua yoyote kutoka hapa kwenda Finnmark na kurudi itakuta theluji. Basi nikafanya ambacho watu wa nyumba hii hawafanyi. Nikamuuliza uso kwa uso.

"Mama, naomba nyumba siku moja zaidi."

Akaangalia paa, au pale ambapo paa lingekuwa. "Si yangu kutoa. Ni yao mpaka kiangazi."

"Najua, mama."

Akachukua uji kijiko kimoja. Akakigeuza mdomoni. "Lakini," akasema, "nimeona kwa macho yangu, siku ya Mikaeli, jua likitua, mmoja wao anatoka kwenye ukungu na mkia wake. Kama yeye ndiye mwenyeji wa hapa, na akitaka kukaribisha wageni wake wenye kamera, mimi ni nani nimkataze?"

"Si umenirushia chuma? Si nimekuwa wa Tveitlia?"

"Ndiyo," akasema. "Hapo ndipo pazuri. Wa huku na wa huku. Acha kubishana na mzee, nyanyua kikapu."

Tukashuka tumeshikana mikono. Njiani tukamkuta Asle anapanda na tochi, analia jina langu. Alipotuona wawili kwenye ukungu, mimi na mkia, yeye na kisu cha jibini, akaanguka mtaroni. Siv anasikitika mpaka leo kwamba hakuwa na kamera.

Kesho tunapanda tena! Nina mafua, nina furaha, nina mume!

Wako wa huku na wa huku,
Jorid


Tveitlia
3 Oktoba

Ketil,

Wamemaliza. Theluji imeanguka leo, wamewahi.

Yule bwana wa Oslo alitaka mwishoni hulda achomwe ndani ya nyumba. Nikamwambia nyumba hii haichomwi, na hulda hachomwi. Anarushiwa chuma, anaingizwa ndani, anafundishwa kukamua. Akasema, "Lakini mama, hii ni filamu ya kutisha, mwisho hauwezi kuwa harusi." Nikamwuliza kama ameoa. Hajaoa. Nikamwambia basi aache wanaojua waseme.

Akauliza nani atarusha. Oddvar alijaribu, akavunja kioo cha taa. Basi nikarusha mimi. Nilivaa aproni ya kila siku, sikujua wangetaka uso wangu karibu hivyo. Nilimpitisha hulda mlangoni, nikamwonyesha ndoo, nikafunga mlango. Yule bwana akasema hajawahi kuogopa namna hiyo. Sijui aliogopa nini. Nilikuwa namkaribisha.

Jorid alikuwa na baridi lakini hakulalamika. Jorid ana mafua, nimempa asali. Jorid anasema nimeumbwa kwa kamera. Nimemwambia nimeumbwa kwa ng'ombe.

Habari ya desturi za Drammen tutaongea ukirudi.

Mama


Kambini, Finnmark
8 Oktoba

Mama, na Jorid, isomeni pamoja, mezani, kwa sauti,

Nimelisomea bweni zima barua zenu. Henrik amecheka mpaka akadondoka, na yeye yuko kitanda cha chini. Koplo naye ameuliza kama filamu itafika huku.

Mama, nilidanganya. Nisamehe. Nilikuwa na mke wa kumlinda na mama wa kumwogopa, na stempu moja.

Jorid, usiku nikisimama lindo nakuona unatoka kwenye ukungu na mkia wa Dagros, na natamani ningekuwa na kisu chochote cha jibini. Hapa kila kitu tunakula kwa kijiko.

Ketil wenu


Tveitlia
17 Februari 1985

Ketil, mume wangu, pumzi yangu,

Jana imeonyeshwa! Kwenye ukumbi wa vijana, juu ya shuka tatu alizoziunganisha Gro kwa sindano, na watu wamejaa mpaka madirishani. Heri ningekuwa na wewe kiti cha kulia. Kiti cha kushoto nilikuwa na Mama.

Mwanzo watu walicheka. Gro alipiga kelele, "Oddvar, tema hiyo tumbaku kwanza!" wakati wa busu, na ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Oddvar akasimama akainama kama mfalme. Lakini nilipogeuka na ule mgongo, Ketil, kimya! Nyuma mtoto akauliza, "Mama, ametobolewa na nani?" Nikasikia watu wazima wanameza mate. Mimi! Niliyesimamishwa nyuma darasani!

Kisha ukaja mwisho. Ukungu (wa nyasi, lakini mzuri), mlango, na kisu kinavuma. Na uso wa Mama, mkubwa kama ghala, unanitazama na kusema kwa upole, "Karibu nyumbani." Watu walipiga mayowe! Mwanamume mzima wa Rollag alimrukia mkewe mapajani. Mama mwenyewe alinibana mkono.

"Nani huyo bibi mkali?" akaninong'oneza.

"Ni wewe, mama."

"Najua ni mimi. Nauliza kwa nini hamkuniambia nivae skafu."

Taa zilipowaka, Asle alikuwa analia tena, safari hii kwa furaha. Kuna sinema mbili za Oslo zinaitaka. Watu walipiga foleni kumshika Mama mkono, na wanawake waliokuwa na wakwe wapya walimshika kwa muda mrefu zaidi. Gro akauliza, kwa utani, alimpata wapi mkwe mwenye mkia. "Malishoni," akasema Mama. "Wazuri wote hutoka huko. Wewe wako ulimwokota kituo cha basi."

Mimi ni mzima kabisa, mpenzi. Usiwe na wasiwasi nami. Siku zinakimbia, kazi ni nyingi, nacheka kutwa. Juni, ukimaliza jeshi, si mbali hata kidogo.

Wako, wako, wako,
Jorid


Tveitlia
20 Februari

Ketil,

Jorid amekuandikia kwamba ni mzima na anacheka kutwa. Ni kweli, mchana.

Ila pia hulia akikata vitunguu, hata siku ambazo vitunguu hatuna. Nimemuuliza. Ndiyo, mimi nimemuuliza. Akasema ni moshi wa jiko. Jiko letu ni la umeme.

Basi mwanzoni mwa mwezi nilimwandikia mkuu wa kambi yako kwamba ng'ombe watazaa karibu wote kwa pamoja mwezi ujao, na kwamba mgongo wangu umekwisha na namhitaji mwanangu. Ng'ombe ni kweli. Mgongo ni mzima, jana nimebeba magunia. Nadhani ni wewe uliyenifundisha, kwa stempu moja.

Amejibu. Utapewa ruhusa.

Sijamwambia Jorid bado, nitamwambia asubuhi ya siku hiyo, nataka kuuona uso wake. Ukishuka kwenye basi utanikuta nimesimama mbele, kwa sababu yeye atakuwa nyuma yangu anajifanya anatengeneza kofia.

Nipite.

Mama